Kebo Kwanza, Hotspoti Baadaye

Intaneti ya Kampala, kwa wakazi walio wengi, ni ile iliyomo kwenye simu. Fiba ipo: mwaka 2013 Google ilianzia jiji hili mradi wake wa Project Link, ikalaza nyaya na kuziuzia watoa huduma nafasi, na mwaka 2017 kazi hiyo ikahamia kwenye kampuni ya CSquared. Ofisi na nyumba zenye uwezo zimeunganishwa. Lakini mwanafunzi wa Makerere aliyepanga chumba Kikoni, msanifu wa mabango wa Nasser Road, karani wa duka la Kikuubo anayetoa risiti za kielektroniki za EFRIS ambazo mamlaka ya mapato, URA, iliwataka wafanyabiashara wa VAT kuzitumia kuanzia Januari 2021, watu wa namna hii mara nyingi hununua bando kwenye laini ya MTN au Airtel, kisha wakaigawia kompyuta. Na wakishafika kwenye kugawa, mkono huenda moja kwa moja kwenye hotspoti. Kebo ya kuchajia, inayoweza kufanya kazi hiyohiyo, imelala mezani ikisubiri usiku. Nadhani desturi hii imekaa kichwa chini miguu juu. Mtu mmoja mwenye simu moja na kompyuta moja angefanya kebo ya USB kuwa njia yake ya kila siku, na hotspoti akaiweka kwa ajili ya dharura.

Tuanze na jinsi inavyofanyika, maana wengi huishia njiani kwa jambo dogo tu. Kwenye simu ya Android, swichi ya kugawa intaneti kwa USB iko ndani ya mipangilio, ukurasa uleule wa hotspoti. Simu nyingi huiandika “USB tethering”. Ukiifungua kabla ya kuchomeka kebo utaikuta imefifia, haibonyezeki, na hapo ndipo watu huamua kwamba simu yao haina huduma hiyo. Inayo, imo kwenye Android tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010. Chomeka kebo kwanza, washa data, kisha rudi kwenye swichi utaikuta hai. Ukishaiwasha, alama ya mtandao kwenye kona ya chini ya Windows itageuka kuwa ile ya kompyuta yenye waya, na kazi imekwisha. Hakuna nenosiri la kuandika. Jambo la pili linalowachanganya watu ni kwamba swichi hiyo hujizima kila kebo inapochomoka, hata ikilegea kwa sekunde moja. Intaneti ikikatika ghafla, kabla hujaitukana kampuni ya simu, tazama tundu la kebo, kisha tazama swichi.

Kinachoendelea ndani si kigumu. Simu hujitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, ile inayochomekwa waya wa ofisini. Kompyuta huomba anwani, simu huipa moja, aghalabu inayoanza na 192.168, na kuanzia hapo simu hufanya kazi ya karani wa ofisi yenye sanduku moja la posta: barua zote hutoka na kuingia kwa anwani ya ofisi, naye ndiye anayejua ipi ni ya nani. Lugha inayotumiwa sana na simu za Android kwenye waya huu inaitwa RNDIS, na kwa kuwa ilibuniwa na Microsoft wenyewe, Windows huielewa bila kuwekewa kitu chochote. Ubuntu na Linux nyinginezo pia huielewa. Mkaidi ni Mac: Apple haikuiweka RNDIS kwenye kompyuta zake, kwa hiyo simu ya Android ikichomekwa kwenye Mac mara nyingi hakuna kinachotokea, isipokuwa simu mpya zinazotumia lugha nyingine iitwayo NCM. iPhone kwenye Mac hufanya kazi papo hapo. Kwenye Windows inahitaji programu ya Apple iwekwe kwanza, na simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Ukikataa, intaneti haipiti.

Faida ya kwanza sijaona mtu wa kuipinga. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa zikiwa zimetumika zilitoka kwenye ofisi za ng’ambo ambako waya wa mtandao ulikuwa ukutani, na kwa sababu hiyo hazikuwekewa kadi ya Wi-Fi tangu kiwandani. Mashine ya namna hiyo haiioni hotspoti hata ikiwekwa juu yake. Mwenyewe hulazimika kununua kidude cha kupokea Wi-Fi, au akahamisha faili kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akihamisha na virusi vyake. Kebo humwondolea gharama hiyo. Kuna na jambo ambalo hata wauza kompyuta baadhi yao hawalijui: simu ya Android ikiwa imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya jengo, ukawasha ugawaji wa USB, inaipitishia kompyuta ile Wi-Fi, si data ya laini yako. Simu inakuwa kadi ya Wi-Fi ya kuazima, na bando halipungui. Mafundi nao wana sababu yao ya kuipenda kebo. Kompyuta iliyotoka kuwekewa Windows upya mara nyingi haina kiendeshi cha Wi-Fi, na kiendeshi chenyewe kinapatikana kwenye intaneti. Windows 11 tena hudai intaneti tangu hatua za mwanzo za kuisimika. Fundi mwenye simu na kebo hutoka kwenye mtego huo kwa dakika moja.

Faida ya pili inahusu hewa yenyewe. Hotspoti nyingi za simu hurusha kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo, kwa vipimo vinavyotumika, yana njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Chumbani peke yako Kira hilo halikuhusu. Lakini fikiria jengo la maduka lililobanana kama Mutaasa Kafeero, kila kibanda na simu zake, ruta yake, spika yake ya bluetooth, vyote vikigombea njia tatu. Vifaa vya Wi-Fi vina adabu: hungojana, mmoja akisema wengine hunyamaza, na palipo na vingi mno kungojana huko ndiko kunakoufanya mkutano wa video ukwame ilhali simu inaonyesha 4G ya kutosha. Kipande cha safari kati ya simu na kompyuta kimekuwa msongamano, na kipande hicho ndicho pekee ambacho mtumiaji ana mamlaka nacho. Data ikipita kwenye waya haigombani na mtu. Tena waya hauna nenosiri la kuibiwa. Wi-Fi hudai nenosiri la herufi nane au zaidi, na kwa sababu hiyo hotspoti nyingi zimefungwa kwa 12345678, yaani zimeachwa wazi. Jirani akikisia, bando lako linaisha saa nne asubuhi bila maelezo.

Halafu kuna umeme. Wakati wa kampuni ya Umeme ulikatika, na tangu UEDCL ilipochukua usambazaji Aprili 2025 haujaacha kukatika. Ruta ya nyumbani isiyo na betri huzima palepale, na kinachobaki ni laptopu na simu. Hotspoti huziendesha redio mbili za simu kwa pamoja, moja ikizungumza na mnara na nyingine na kompyuta, na simu hupata moto na kuishiwa chaji mapema. Kwa kebo redio ya pili inapumzika na simu inachajiwa juu yake. Hapa pana pingamizi la haki: chaji hiyo inatoka wapi kama si kwenye betri ya laptopu? Ni kweli, na tuhesabu. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Betri ya simu ya miliampia-saa 5,000 inabeba takriban wati-saa 19, na betri ya laptopu ya kawaida ina kama 45. Ukianza na simu iliyokufa, itakunyang’anya sehemu kubwa ya muda wako wa kazi. Ukianza nayo imejaa, haichukui zaidi ya ile inayotumia, na hiyo ni kidogo skrini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo chaji simu usiku, si laptopu peke yake, na hesabu inakuwa upande wa kebo tena.

Wapo watakaosema hawaoni tofauti ya kasi. Mara nyingi wako sahihi, na anayeuza kebo kwa ahadi ya intaneti ya kasi anadanganya. USB 2.0 inabeba hadi megabiti 480 kwa sekunde, mbali sana na kile ambacho mnara wa mtaani huwagawia wateja jioni watu wote wakiwa mtandaoni. Kikwazo kiko mnarani. Kebo haiongezi maji kwenye bomba la kampuni ya simu. Inachofanya ni kuondoa sehemu moja inayoyumba, na faida hiyo utaiona kwenye simu za video na kupakia faili kubwa kuliko kwenye kipimo cha kasi. Kuna mahali pia ambapo kebo inashindwa waziwazi. Kwenye chumba cha ndani cha jengo la zege, au nyumba ya bondeni ambako mnara haufiki vizuri, simu hupata mawimbi ikiwa dirishani tu. Hotspoti itakuruhusu kuiacha kule na wewe ukae mezani. USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5, na kebo nyingi za madukani ni za mita moja. Mwenye shida hiyo anunue kebo ya mita mbili au tatu, au abaki na hotspoti yake kwa amani.

Pingamizi zito kuliko yote ni la pesa, na hapa wanaoishutumu kebo wana hoja. Tangu Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe, juu yake VAT ya asilimia 18. Zipige zote mbili: bando ambalo bila kodi lingekuwa shilingi 100 linafika 132, maana yake katika kila 1,000 unayolipa, kama 243 ni za serikali. Megabaiti iliyotozwa hivyo inauma ikipotea. Na kompyuta ni hodari wa kuipoteza. Simu imezoea kuishi kwa bando. Kompyuta iliundwa ikidhani intaneti ni ya mwezi na haina kikomo. Windows hushusha masasisho ya mamia ya megabaiti nyuma ya pazia, na mara mojamoja masasisho makubwa ya gigabaiti kadhaa. OneDrive hupandisha picha. Video ambayo simu ingeionyesha kwa ubora wa wastani, kompyuta huiomba kwa 1080, na saa moja ya video ya ubora huo hupita gigabaiti moja. Sasa, Windows ikiunganishwa kwa hotspoti, wakati mwingine hutambua kwamba hii ni intaneti ya simu na kujizuia. Ikiunganishwa kwa kebo haitambui. Inachoona ni waya wa ofisini, na kwenye waya wa ofisini hujiachia. Mtu aliyehamia kwenye kebo leo bila kubadilisha kitu anaweza kulikuta bando lake la wiki limekwisha kesho, na akarudi kwenye hotspoti akiapa kwamba kebo inakula data.

Dawa yake haichukui dakika mbili, na mimi naihesabu kuwa sehemu ya kuunganisha, si ziada. Simu ikiwa imechomekwa na inagawa, fungua mipangilio ya Windows, nenda kwenye mtandao na intaneti, bonyeza Ethernet, kisha washa swichi iitwayo “Metered connection”. Hapo umeiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasimama, na OneDrive nayo itatulia. Masasisho yenyewe usiyaache milele, kwani ndiyo yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Yashushe siku ukiwa mahali penye Wi-Fi ya bure au bando la usiku. Kwenye Ubuntu mpangilio kama huo uko kwenye sehemu ya mtandao. Wenye bando zisizoisha muda, kama Freedom za MTN na Chillax za Airtel, ndio watakaoiona tofauti haraka, kwa sababu kwao kila megabaiti iliyookolewa leo inabaki kesho. Ikiwa bando lako ni la WhatsApp au la mitandao ya kijamii peke yake, usitarajie liifungulie kompyuta tovuti nyingine. Linafuata masharti yaleyale.

Kuna mambo ambayo kebo haigusi kabisa. Intaneti ilipozimwa nchi nzima usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, ikarudi tarehe 18, hapakuwa na tofauti kati ya mwenye kebo, mwenye hotspoti na mwenye simu tupu. Facebook nayo ilifungwa wakati huo, ikabaki imefungwa kwa miaka. Waganda waliokwisha kuzoea VPN tangu kodi ya 2018 huuliza mbona VPN inafanya kazi kwenye simu lakini kompyuta iliyochomekwa kwenye simu hiyohiyo haifungui Facebook. Jibu ni kwamba kwenye Android, VPN kwa kawaida huifunika simu yenyewe. Data ya kompyuta inayogawiwa hupita kando yake, kwa kebo au kwa hotspoti vilevile. Anayetegemea VPN ya kazini kulinda nyaraka za mwajiri asidanganyike na alama ya ufunguo iliyo juu ya skrini ya simu. VPN iwekwe kwenye kompyuta.

Usalama una upande mwingine pia. Kuchomeka simu kwenye kompyuta yako mwenyewe ni salama kuliko kurusha hotspoti sokoni. Kuichomeka kwenye kompyuta ya mtu, kwa mfano mashine ya duka la kuchapa pale Wandegeya ambako umeombwa uweke intaneti yako ili ripoti ishuke, ni habari nyingine. Android za sasa huanza kwa kuchaji tu na kukuachia uchague. Ukichagua kugawa intaneti, umegawa intaneti, hujafungua picha. Hatari huja mtu anapobonyeza kila anachoulizwa ili mambo yaende: kuhamisha faili, kuruhusu urekebishaji wa USB, kuiamini kompyuta. Kwenye mashine usiyoijua, kubali ugawaji wa intaneti peke yake. Hapo ndipo hotspoti yenye nenosiri la maana inaposhinda kebo, kama mashine hiyo ina Wi-Fi, na inashinda pia mkiwa watu watatu wa kundi moja la chuo mnaohitaji intaneti kwa pamoja. Mwenye ofisi ya kudumu na wafanyakazi watano hamna haja ya kumshawishi, anunue fiba.

Kwa wengine wote gharama iliyobaki ni kebo, na ndiyo inayowaangusha wengi. Ndani ya kebo kamili ya USB 2.0 kuna nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Kebo nyingi za bei ya chini zina mbili tu, zile za umeme. Zinachaji vizuri, kwa nje hazitofautiki na nyingine, na swichi ya kugawa intaneti haitaamka hata uichomeke mara mia. Ukienda kununua, beba simu yako na umwombe muuzaji akuchomekee kwenye kompyuta yoyote iliyo karibu, hapohapo kwenye kaunta. Simu ikikuuliza unataka kuitumia USB kwa kazi gani, na swichi ikawa hai, lipa. Ikichaji kimya bila kuuliza lolote, na kwenye mipangilio swichi ikabaki imefifia, mrudishie.